Marufuku Kuota

Nchi yenyewe ukiulizia njia yake utaambiwa umeshaipita. Shembilu aliipita mara nyingi kabla hajaifikia, na siku alipoifikia alikuwa anatafuta mahali pengine kabisa, pa kuketi tu, maana alikuwa mtu aliyezunguka mpaka barabara zikamchoka yeye. Ilikuwa nchi ya ukungu. Jua lilikuwapo, lakini lilikaa juu ya ukungu kama mpangaji wa ghorofani: unasikia viatu vyake, sura huioni. Mahali pamoja tu lilishuka, penye jabali jeusi mwisho wa mji, na hata hapo lilishuka asubuhi kwa muda mfupi, kama mgeni asiyetaka kuvua kofia, kisha likaondoka. Hapo ndipo vipepeo walipokusanyika. Hapo ndipo Shembilu alipoketi, akasahau alikokuwa anakwenda.

Umri nao katika nchi ile haukuwa na adabu. Ndani ya ukungu Shembilu alikuwa kikongwe, magoti yakimlalamikia kama mashemeji. Jua likimpiga pale jabalini mgongo ulinyooka, akawa kijana ambaye bado hajaposa, na marehemu mkewe akamjia akilini kama mtu atakayekuja kukutana naye. Kisha wingu lilipita, na miaka yote ikarudi kwa pamoja, kila mmoja ukitaka pa kukaa. Hakulalamika. Alikuwa na msemo wake: ajuaye jua hana haja ya kujua kalenda.

Kazi yake ilikuwa kutazama, basi. Wako vipepeo waliofungua mabawa yote wakayalaza juu ya jiwe kama kanga iliyoanikwa, wakalipa jua mgongo. Wako waliofumba mabawa wakajiinamisha, ubavu mmoja kwa jua, kama mtu aliyelalia mkono anasubiri chai. Wengine waliyaacha nusu wazi, kama kitabu cha msomaji aliyeitwa mlangoni, na mwanga ukagonga bawa hili ukarukia lile, ukaishia kifuani. Jua likisogea, nao wakasogea. Likifichwa, walifumba. Na saa ya kupumzika ilipofika waliingia chini ya majani, wakaning'inia kichwa chini, uzuri wote umekunjwa ndani, na nje ikabaki rangi ya jani lililokufa. Shembilu aliwatazama mpaka akajua kwamba kupumzika nako ni namna ya kujificha.

Lakini jambo lililomkosesha raha ni hili. Asubuhi, kabla ya jua, ukimgusa kipepeo haruki. Anatembea kidogo kama mlevi, au anafungua mabawa ghafla akuoneshe yale madoa yanayofanana na macho, akutishe kwa macho yasiyoona. Basi, hana lingine. Mtu mjinga atasema, tazameni kiumbe huyu alivyo mpole, amenizoea. Hajakuzoea. Ana baridi.

Aliyetulia. Ametulia kwa kupenda, au ametulia kwa kushindwa? Ukimtazama kwa mbali huwezi kujua. Ukimtazama kwa karibu huwezi kujua pia. Mpaka apate joto. Akipata joto akabaki amekaa, huyo amependa. Akipata joto akaruka, basi kule kukaa kwake kote hakukuwa kukaa. Kulikuwa nini? Hapo Shembilu alikwama, na alipenda pale alipokwama, kama mtu anavyopenda jino linalouma kwa kuligusa na ulimi.

Sasa mji ule ulikuwa na sheria moja. Moja tu, ya maneno mawili: marufuku kuota. Ilitangazwa na mpiga mbiu wa Mwavuli. Mwavuli ndilo jina walilompa mtawala wao kwa kuwa aliwakinga, ingawa hakuna aliyekumbuka aliwakinga na nini. Mpiga mbiu alipanda juu ya pipa, akapuliza baragumu, akasema, "Marufuku kuota," akakohoa, akafa. Wako mpaka leo wanaoshikilia kwamba kile kikohozi kilikuwa sehemu ya sheria.

Haya, niambie wewe. Kuota nini?

Hawakujua, basi wakaogopa kila kuota. Wenye mashamba waling'oa kila kilichochipua. Wanaume walinyoa ndevu asubuhi, wakanyoa jioni, mashavu yakawa kama ngozi ya ngoma. Mume akiona mkewe anatabasamu usingizini alimpiga kiwiko: "Amka, unatutafutia matatizo!" Akina mama waliwaziba watoto wachanga midomo kwa leso, jino lisije likachungulia mbele za watu. Kwenye moto hakuna aliyesogea. Juani hakuna aliyesimama. Walitembea wamebana ukutani kama wezi wa kuku. Na mtu akijibu kwa ukali kidogo aliulizwa tu, "Mbona umeota mapembe?" na kesi ikawa imekwisha.

Inasemekana Mwavuli alipopelekewa swali, kuota kupi, alicheka mpaka akapanguswa machozi. Hakujibu. Ajibu ili iweje? Sheria yenye maana moja unaweza kuikwepa, unapita pembeni yake. Lakini neno lenye maana nyingi halina pembeni. Popote unaposimama uko katikati yake.

Na Shembilu je, mbona yeye aliketi juani? Ah, huo nao ulikuwa ujanja wa mji wenyewe. Walitaka mlinzi wa jabali, wa kuhakikisha hakuna anayepanda kuota jua, na mlinzi lazima akae panapolindwa. Mwenyeji hakuthubutu. Wakampa yule mgeni kofia pana na wakamwambia ajitahidi kutokuota. "Mimi natazama wanaoota," aliwajibu, "siyo mimi ninayeota." Wakaridhika. Watu wenye usingizi wa miaka mingi huridhika upesi.

Hakuwa peke yake, maana alikuja na mtani wake.

Jina lake Mgaza, mtu wa mabondeni, mwembamba, mwenye meno ya mbele yaliyoachana kana kwamba yaligombana. Shembilu alikuwa wa milimani. Watu wa mabondeni na watu wa milimani walipigana zamani zile ambazo hata vita vilikuwa na aibu, kisha wakapatana kwamba kuanzia siku hiyo watapigana kwa midomo tu. Ndio utani huo. Mtani wako akija kwako akamchukua jogoo, unamsindikiza. Akikutukana mbele ya wakweo, unacheka. Siku ukifa, yeye ndiye atakayelala juu ya jeneza lako akidai una deni lake la usingizi, mpaka waombolezaji wacheke. Na sharti kubwa la utani, ambalo mtoto wa milimani hunyonya pamoja na maziwa, ni kwamba neno la mtani halikanushwi. Akikuambia wewe ni mbaya, mwambie umesahau kutaja kengeza. Unaongeza. Anayekanusha amekasirika, na anayemkasirikia mtani amevunja nyumba ya wazee wake.

Mgaza alipanda jabalini kila asubuhi, akakaa upande wenye kivuli.

"We mla viazi vya baridi, hujafa tu?"

"Nife nizikwe na nani? Wewe utaniibia sanda."

"Sanda ya nini? Mtu wa milimani anazikwa na gunia, tena gunia la kuazima."

"Na wa mabondeni?"

"Sisi hatufi. Mbu wanatugawana tukiwa hai."

Walicheka hivyo mpaka vipepeo wakahama jiwe. Kicheko cha namna ile hakikuwapo mjini. Watu waliopita chini walisimama wakatega masikio, wakidhani ni ndege.

Kati ya vipepeo wale mmoja, wa rangi ya kahawa, alikuwa na doa lake la jua, mahali ambapo mwale ulipenya kwanza. Akija mwingine, huyu humwinukia, wanazunguka pamoja kwenda juu kama vumbi la kimbunga, kisha mmoja anarudi. Kila mara alirudi yuleyule. Shembilu aliwaza kwa muda mrefu kwamba yule ana nguvu. Ndipo siku moja akaona. Hana nguvu. Ana joto. Anashinda kwa kuwa alikuwa juani, na yuko juani kwa kuwa alishinda, na ukimuuliza lipi lilianza atakuambia ni majaliwa. Mpe yule mwingine joto hilohilo uone. Basi huo ndio utawala wote, Shembilu alijisemea, na mimi nimezunguka dunia nikidhani ni kitu kirefu.

Asubuhi hiyo moyo wake ulijaa, akamgeukia mtani wake.

"Mgaza, hawa hawajatulia. Wana baridi."

"Nani, vipepeo?"

Shembilu alikuwa anatazama mji. Moshi haukupanda popote. Watu walikuwa wamebana ukutani, macho mekundu, wapole kupita kiasi.

"Vipepeo," akasema.

"Hebu rudia, sikio langu la upande huu limelala."

Akarudia. Akasema yote. "Mwavuli anajisifu kwamba nchi ina utulivu. Huu si utulivu, bwana. Wape asubuhi moja ya jua, wote, uone nani atabaki amekaa."

Mgaza hakujibu. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane mtani alikosa la kusema, naye Shembilu akaufurahia ukimya ule, akaona neno limemwingia mwenzake. Kumbe kimya kile kilikuwa cha mtu anayefunga mzigo.

Walikuja kumchukua Shembilu ukungu ukiwa bado mzito, askari wawili, wapole nao. Hawakumfunga kamba. Walimshika viwiko kama bibi harusi, wakampeleka kwenye banda la baraza, ambalo paa lake lilikuwa pana mpaka likameza uwanja. Mji wote ulikuwa chini yake. Kwenye kiti cha hukumu alikaa Bi Nyange, mama mtu mzima, kope zimevimba kwa kuamshwa amshwa. Hakuwa mwovu. Alitaka kesi iishe aende akalale macho wazi.

"Bwana Shembilu," akasema, "unashitakiwa kwa kuota. Hukumu yake unaijua?"

"Siijui, Bibi."

"Nyumba ya Utulivu. Haina dirisha."

Hapo Shembilu aliogopa, tena sana. Nyumba kwake haikuwa kitu, alishalala chini ya madaraja. Aliogopa kwa sababu alijua bila lile jua la asubuhi atabaki na umri mmoja tu, ule wa mwisho, na mkewe hatamjia tena kama mtu anayetarajiwa. Atakuwa amekufa, basi, kama walivyokufa wengine.

"Nani amemwona?" Bi Nyange akauliza.

Mgaza akasimama. Shembilu alipomwona moyo ulishuka mahali pake. Afadhali, akawaza, mtani amekuja kunitoa.

"Unamfahamu huyu?"

"Huyu? Nimemzoea kama chawa. Nilimkuta njiani anauza upepo, tena alikuwa anapunja kipimo."

Watu wakacheka. Walicheka kwa woga kwanza, mikono midomoni.

"Umewahi kumwona akiota?"

"Ah, Bibi Mkubwa, huyu anaota tangu tumboni kwa mama yake! Asubuhi anaota, mchana anaota. Akishakaa pale jabalini anaota mpaka anaota mabawa. Msipomuwahi ataota mapembe awapige nayo makalioni!"

Banda lilipasuka. Watu ambao hawakuwahi kucheka tangu mpiga mbiu afe walishikana mabega. Mama mmoja alicheka mpaka leso ikamdondoka mwanawe mdomoni, na jino moja jeupe likaonekana, na hakuna aliyelitazama. Na Shembilu naye akacheka. Mwacheni, alikuwa mtu wa milimani. Alijipiga paja, machozi yakamtoka, na kabla hajafikiri, mdomo wake ukafanya kile ambacho midomo ya babu zake ilifanya tangu amani ya kwanza. Hakukanusha. Aliongeza.

"Na mkia umesahau! Mkia nao umeota, njoo uushike!"

Bi Nyange akainua mkono. Kicheko kikakatika kama kamba ya kisima.

"Amekiri," akasema.

Shembilu alitazama kulia na kushoto, kicheko kikiwa bado usoni, hakijui pa kwenda.

"Bibi, huu ni utani."

"Utani ni nini?"

Hawakuujua. Utani unataka watu wa pande mbili waliowahi kuumizana wakaonana tena kando ya moto. Pale palikuwa na watu wa upande mmoja tu, wa baridi.

"Mgaza, waambie."

Mgaza aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Mgaza. Waambie mimi na wewe ni watani."

"Mimi," Mgaza akasema, kwa sauti safi ambayo Shembilu hakuwahi kuisikia, sauti isiyo na meno yaliyoachana, "nilikuwa natoa ushahidi."

Mwizi ana huruma yake. Anachukua kilichopo leo, jana anakuachia. Anayekusaliti anaingia mpaka jana. Pale barazani Shembilu alianza kushuka miaka, siyo kwa jua safari hii, akawa kila umri ambao Mgaza aliwahi kumchekesha. Akawa yule wa kwenye kivuko waliposukumana majini. Akawa yule wa kwenye matanga ya mkewe, pale Mgaza alipojilaza juu ya jeneza akipiga kelele kwamba marehemu amekataa kuondoka kabla hajalipwa ubwabwa, na yeye, mfiwa, akacheka akiwa analia, na kile kicheko ndicho kilichomwezesha kuishi. Kila mahali alipofika alikuta kiti kimeondolewa. Akasikiliza upya kila mzaha, kama mtu anayenusa maziwa. Hili lilikuwa utani? Na hili? Au Mgaza alikuwa anamsoma, anapima mwenzake hucheka kwa urefu gani, huongeza kwa haraka gani? Hakuna aliyeweza kumwambia. Bawa lina pande mbili, na yeye siku zote hizo, mtazamaji hodari, alimtazama mwenzake akiwa amefungua mabawa tu.

Wala hakumchukia kwa kusema uongo. Mgaza hakusema uongo. Kila neno lilikuwa kweli kwa maana mojawapo. Hilo ndilo lililouma: walimpeleka gizani kwa neno lilelile alilokuwa analitumia juani.

Aliuliza swali moja. "Walikupa nini?"

"Nani kasema nimepewa?"

Asubuhi iliyofuata ndipo alipoona. Njia ya kwenda Nyumba ya Utulivu ilipita chini ya jabali, na jua lilikuwa limeshuka. Mgaza alikuwa amekaa juu, upande usio na kivuli, kofia pana ya mlinzi kichwani, koti jipya la mlinzi mabegani likiwa wazi. Alikuwa kijana. Uso ulimng'aa, shingo imenyooka, na kwa kuwa jua halina kinyongo lilimpendeza kweli. Pembeni yake vipepeo walilaza mabawa juu ya jiwe. Kwao mlinzi ni mlinzi.

Askari walisimama. Mmoja alisema labda wazee wanataka kuagana.

Mgaza aliangalia chini. Alikuwa na njaa usoni, njaa ya mtu aliyekula peke yake. Akapanua mdomo na kupiga kelele kwa sauti ya zamani, ile yenye mwanya.

"We mla viazi! Unakwenda kunenepa bure huko! Gunia la kukuzikia ninalo, usiwe na wasiwasi!"

Akangoja. Neno lilining'inia hewani likitafuta mwenzake, maana utani wa mtu mmoja hauna jina jingine ila matusi. Shembilu alijua jibu. Yalikuwapo majibu matatu, manne, yote matamu, yamejipanga nyuma ya meno kama watoto wanaotaka kutoka nje kucheza. Angetoa moja tu, wangekuwa watani tena. Yaliyotokea barazani yangekuwa mzaha mrefu kupita mingine, naye angeingia kwenye ile nyumba isiyo na dirisha akiwa na rafiki. Ilitaka neno moja. Aliliona likiwa karibu, la moto.

Akavua kandambili. Akaunganisha mikono mbele, akainamisha kichwa kama anavyofanya mtu mbele ya mkwewe.

"Shikamoo, Bwana Mgaza."

Watani hawaamkiani. Mtani akikuamkia kwa heshima, ama amefiwa, ama wewe ndiye uliyemfia.

"Ah, acha utani wako bwana," Mgaza akasema, akacheka kidogo. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Shikamoo."

"Shembilu. Mimi na wewe…"

"Shikamoo."

Askari yule mpole alikunja uso. Katika nchi ile walishapoteza mambo mengi, hili hawakuwa wamelipoteza. "Mjibu mwenzio, mzee," akamwambia Mgaza. "Salamu haikataliwi."

Mgaza alimtazama askari, akamtazama Shembilu aliyekuwa bado ameinama, miguu mitupu kwenye changarawe. Lile neno lilipotoka lilitoka dogo, la mtu mzima sana.

"Marahaba," akasema, na jua likiwa bado limempiga usoni, akaanza kufunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka shingoni.